Mvua Asiyekunywa Maji

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kazini, mtaani, hata kwa mama mkwe wake aliitwa Mvua, na kila aliyeuliza sababu alihadithiwa kwa raha zote, maana kisa chenyewe hakichakai.

Kilitokea alipoanza kazi ya kuendesha kreni, zile ndefu za kwenye majengo ya ghorofa. Kibanda cha dereva kiko juu kabisa, kioo mbele, kioo chini ya nyayo, na njia ya kufika huko ni ngazi ya chuma iliyosimama wima ndani ya mnara. Kupanda peke yake kunamaliza pumzi. Sasa fikiria ushuke kwa ajili ya haja ndogo halafu upande tena, huku zege linaganda kwenye ndoo na mafundi wamekaa wanakusema. Nani anataka? Kwa hiyo madereva wana chupa. Hawatakwambia, lakini wanazo. Basi siku hiyo chupa ya ndugu yetu, ambayo kifuniko chake hakikukaza, ilibingirika, ikapita kwenye upenyo wa mlango, na upepo ukayatawanya yaliyokuwamo mpaka chini, juu ya mhandisi mkuu na wageni wake waliovaa suti. Mhandisi akanyoosha kiganja, akatazama juu. Hakuna hata wingu. "Ajabu," akasema, "mvua na jua hili?"

Lo! Watu walijishika mbavu. Msimamizi wa kazi alikaa juu ya mfuko wa saruji akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mvua alicheka nao, kwa sababu anayechekwa akinuna huchekwa zaidi, lakini moyoni aliapa kwamba hatakojoa tena juu ya kreni maisha yake yote. Na mtu asiyetaka kukojoa afanyeje? Asinywe. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, kwenye kicheko, na hakuna aliyeliona likipanda ngazi pamoja naye.

Akawa mkavu. Asubuhi kikombe cha chai, nusu anaacha. Baada ya hapo hakipiti kitu kooni mpaka ashuke jioni. Jua linapiga kile kioo tangu linapochomoza, na feni ya kibandani ilikufa zamani. Jasho linamtiririka, shati linaloa, linakaukia mwilini na kumwachia madoa meupe ya chumvi mgongoni. Midomo inapasuka. Kichwa kinagonga. Naye anajisifu kwenye redio, "Kisima nimekifunga, leo sishuki!" Wenzake waliokuwa wakishuka wakaonekana legelege. Msimamizi akawa anawapigia mfano: "Mwangalieni Mvua. Yule ndiye dereva, nyie ni abiria."

Sifa ni kitu kibaya, jamani. Mtu akishasifiwa kwa upumbavu wake, nani tena atamtoa humo?

Chakula chake cha mchana kilipandishwa kwa kamba: karanga zilizokolezwa chumvi, viazi vya kukaanga, pengine na kopo la kile kinywaji cha kuchangamsha mwili, ambalo nalo alilinywa nusu kwa sababu ya kiapo chake. Kwenye mfuko wa shati alitembea na kichupa cha chumvi. Alikuwa na elimu yake mwenyewe kuhusu chumvi: anayetoka jasho anapoteza chumvi, basi airudishe. Maji yaliyotoka pamoja na hiyo chumvi hakuyahesabu. Mkewe alipojaribu kupunguza chumvi kwenye sufuria, Mvua alitoa kichupa chake pale pale mezani, akanyunyiza bila aibu. "Mama Watoto," alisema, "chakula chako siku hizi kina woga."

Kulikuwa na mgongo pia. Dereva wa kreni hakai ameegemea. Anainama anatazama katikati ya magoti yake, maana kazi yote iko chini. Kwa miaka yote hiyo mgongo ukachoka. Duka la dawa lililo karibu na geti la kazini likampa vidonge vya maumivu, vile vikali, bila kumuuliza chochote zaidi ya "vingapi?" Kimoja kabla ya kupanda, kingine mchana, kingine akishuka. Alivimeza vikavu, kwa mate. Aliviita pipi, na kwa ukarimu wake akawagawia na wengine. Mgongo ukianza kusema, anaunyamazisha. Kichwa kikiuma, anakinyamazisha nacho. Mwili uliokuwa ukimpigia kelele ukanyamaza kweli, na yeye akahesabu huo ukimya kuwa ni uzima.

Kazini alikuwa akija nesi mara kwa mara kupima presha. Kila dereva anajua: ukikutwa na presha hupandi kreni tena, utapewa toroli au ukalinde geti. Basi siku ya nesi Mvua aliwahi kabla geti halijafunguliwa vizuri, akapanda, akakaa. "Mwambieni nesi nipo ofisini," alisema redioni. "Kama ananipenda, apande." Nesi alitazama ile ngazi, akacheka, akafunga mkoba wake. Ikawa hivyo kila mara. Mama yake, aliyeishi naye nyumba moja na kumeza kidonge chake cha presha kila asubuhi bila kukosa, alisema mpaka akachoka.

"Baba yako alianza hivihivi," mama alimwambia. "Kichwa, kichwa, halafu miguu ikavimba. Watu wakasema amerogwa, tukahangaika naye huku na huku. Hakurogwa. Mimi nilikuja kuelezwa hospitali, mwenzangu ameshazikwa. Presha imo kwenye damu yetu, mwanangu. Nenda kapime."

"Mama, presha ni ya wazee na matajiri. Mimi simo kote."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa," mama akasema, kisha akajiziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu mzazi hamtamkii mwanawe neno kama hilo. Alikwenda chumbani kwake akafunga mlango, na siku nzima hakutoka.

Pigo lilipokuja, hata hivyo, halikumwangukia Mvua. Lilimwangukia mdogo wake wa pekee, ambaye nyumba nzima ilimwita Kitinda, fundi cherehani mwenye ulimi unaokata kuliko mkasi wake. Alipokuwa na mimba presha ilimpanda. Akajifungua salama, kila mtu akashukuru, na kila mtu akadhani yameisha. Hakurudi kupima. Presha haikuisha, ilikaa tu imetulia. Siku alipokwenda hospitali kwa sababu anatapika kila anachokula na pumzi inamkatika, aliambiwa figo zake zote mbili zimeshindwa kazi. Tangu hapo akawa mtu wa mashine: anakwenda, anakaa kwenye kile kiti kirefu, damu inatolewa, inasafishwa, inarudishwa mwilini. Anarudi nyumbani hata kuongea hawezi, na kesho kutwa anakwenda tena.

Lakini mashine siyo iliyomtesa zaidi. Kilichomtesa ni maji. Figo zikiwa hazitoi, maji unayokunywa yanabaki mwilini, yanapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu anaweza kuzama akiwa amelala kitandani kwake. Kwa hiyo alipimiwa kikombe kidogo cha kutwa nzima, chai humo, mchuzi humo, maji ya kumezea dawa humo humo. Kikiisha, anamung'unya kipande cha barafu, anakigeuzageuza ulimini mpaka kiishe chenyewe.

"Siku hizi siwaoti watu, Kaka," alimwambia Mvua. "Naota bomba. Limefunguliwa, linamwaga maji, na hakuna mtu wa kunikataza."

Hospitali wakasema njia ipo: ndugu wa damu, mzima wa afya, akimpa figo moja, Kitinda anaweza kurudi kuishi na kunywa maji kama watu. Mama alikuwa mzee na mgonjwa, baba yuko kaburini, na watoto wa nyumba ile walikuwa wawili tu. Mvua hakungoja kuombwa.

"Zichukueni hata zote mbili," alisema.

"Zote mbili za nini, nifungue duka?" Kitinda akajibu, halafu uso ukamvurugika, akamkumbatia kaka yake kwa ile mikono yake iliyojaa alama za sindano, akalia kwa sauti. Mama alipiga magoti sakafuni, akashukuru. Siku iliyofuata Kitinda alimtuma mtu akamnunulie jagi la kioo, kubwa, lenye mfuniko. Akaliweka tupu juu ya kabati, mbele ya cherehani yake, mahali ambapo kila mteja angeliona. "Hilo ni langu," aliwaambia. "Siku nikitoka na figo ya kaka yangu nalijaza, nalinywa lote mbele yenu, na nyie mtanipigia makofi."

Basi Mvua akaanza kujiandaa kwa vipimo, na hapa ndipo mtu unapotamani kumkunja shati umtikise. Huyu alikuwa mtu wa mashine. Kreni yake aliipenda, na hakuna aliyethubutu kuichezea. Kulikuwa na mzee mmoja, fundi wa grisi, kazi yake kuzungukia gia na magurudumu ya waya na kopo lake. Siku moja aliruka sehemu, na winchi, ule mtambo wa kuvuta waya, ikaanza kulia. Mvua alishuka! Yeye asiyeshuka kwa haja yake, alishuka kwa ajili ya winchi.

"Mzee wangu, unataka kutuua?" alimfokea, mishipa ya shingo imemtoka. "Gia inazunguka kavu! Kitu kinachozunguka kavu kinajisaga chenyewe, na huwezi kujua mpaka siku kinapokatika!"

Maneno haya aliyasema kwa mdomo wake mwenyewe, na watu walisikia. Kisha akapanda juu, akakaa kwenye joto lake, akaufikiria mwili wake, na akawa mtu mwingine kabisa. Aliwaza hivi: kazi ya figo ni kuchuja maji. Nisipokunywa, hazina kazi. Zisipokuwa na kazi, hazichakai. Nataka mdogo wangu apate figo mpya, ambayo haijatumika sana. Ile nusu ya kikombe cha chai ya asubuhi akaikata nayo. Na kwa kuwa alitaka kufika hospitali akiwa amenyooka, mgongo hauumi, akaongeza pipi zake. Alimweleza yule mzee wa grisi mpango huu wakati wa kubadilishana zamu, na mzee akatikisa kichwa kwa heshima. "Una akili wewe," akamwambia. Ilikuwa akili ya kuegesha gari bovu barabarani ukasema linapumzika, lakini jengo zima lilimsifu kwa jinsi anavyompenda mdogo wake.

Na alimpenda, hilo asije mtu akalikana. Kila jua lilipomchoma kibandani na ulimi ukaganda kwenye kaakaa, alisema moyoni, haya ni kwa ajili ya Kitinda. Aliteseka kwa furaha.

Nyumbani kulikuwa na ugomvi mwingine, wa sabuni. Mkewe, mwanamke asiyependa uchafu wala ubadhirifu, alikuwa akikuta povu chooni kila asubuhi. Akawaita watoto.

"Nani anamwaga sabuni ya unga chooni?"

Kila mmoja akaapa si yeye. Akaificha sabuni juu ya kabati. Kesho yake povu lipo, limetuama, jeupe, ukimwaga maji linazunguka tu. Akaihamishia sabuni chumbani kwake, chini ya kitanda. Povu lipo. Alisimama mlangoni mwa choo akiwa na ufagio mkononi, na taratibu ikamjia kwamba anayetoka humo kabla yake kila asubuhi si mtoto.

Alimkuta mumewe ameinama anafunga kamba za viatu vya kazini, na kamba zilikuwa hazifiki. Zamani zilikuwa zikibaki ndefu mpaka anazizungusha.

"Baba Watoto, viatu vimekuwaje?"

"Vimesinyaa na joto."

"Viatu vimesinyaa, au miguu imevimba?"

"Mimi mtu wa kukaa kutwa nzima. Damu inashukia miguuni, hata ungekuwa wewe."

"Na macho je? Siku hizi unaamka macho yamevimba."

Mvua akavuta kamba za kiatu kwa nguvu. "Nalia," akasema. "Namlilia mdogo wangu." Alijua neno hilo litamfunga mdomo, na kweli lilimfunga. Mkewe alishusha pumzi.

"Lile povu chooni ni lako," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Si ninakwenda kupimwa? Wanapima kila kitu, mpaka kucha. Kama kuna kitu watasema. Mama Watoto, usinichurie."

"Sikuchurii. Naogopa tu."

Siku hiyo, katikati ya ngazi, pumzi ilimwishia. Haikuwahi kumtokea. Alishika chuma kwa mikono yote miwili, akabandika paji la uso kwenye kidato, akangoja. Mdomoni alisikia ladha ya chuma, chungu, na akafikiri inatoka kwenye ngazi. Huko chini mpiga ishara, mwanamke mmoja mwenye sauti kubwa, akamwita redioni, "Mvua, umelala huko?" Akajibu kwa mzaha, "Naangalia mandhari." Akapanda pole pole mpaka akafika, na hakumwambia mtu. Jioni ladha ile alikuwa nayo bado, mpaka kwenye chakula, akaongeza chumvi ili aizime.

Siku ya vipimo alioga vizuri, akavaa shati lililopigwa pasi, akameza pipi asubuhi, na hakunywa tone. Daktari alikuwa mwanamke mfupi asiyepoteza maneno. Alimfunga mkanda wa presha mkononi, ukajaa, ukapumua. Akatazama. Akauhamishia mkono wa pili.

"Umekuja mbio?"

"Hapana, Daktari."

"Kaa utulie. Nitarudia."

Alirudia, na safari hii hakusema namba. Akamwandikia damu, mkojo na picha ya tumbo. Mkojo alijitahidi sana kuupata. Ulitoka kidogo, mzito, rangi ya chai iliyochemshwa kupita kiasi, na povu juu yake. Alipompa mhudumu kile kikopo aliona aibu, akasema, "Sijanywa maji leo." Mhudumu akamwitikia tu.

Majibu yalipotoka, alimwona daktari kupitia kioo cha mlango akiwa na mwenzake, wote wawili wameinamia ile picha, na yule mwenzake akatikisa kichwa. Mvua akajiambia wanamzungumzia mgonjwa mwingine. Akaitwa ndani.

"Daktari, niambie tu tunakatwa lini," alisema kabla hajakaa. "Nikapange na kazini."

"Hatukati."

"Kwa nini? Damu zetu hazikubaliani?"

"Damu zenu zinakubaliana vizuri," daktari alisema, na ilionekana kwamba hilo ndilo lililomuumiza. "Tatizo ni figo zako. Zimesinyaa, zote mbili. Zimeumia kwa muda mrefu, si jana wala juzi. Kazi iliyobaki haifiki hata robo. Huwezi kumpa mtu. Na tusipokuwa waangalifu, wewe mwenyewe utatafuta wa kukupa."

Mvua alicheka. Alicheka kweli, kile kicheko cha mtu aliyepewa simu isiyo yake. "Umechanganya majina, Daktari. Mgonjwa ni mdogo wangu. Mimi sijawahi kulazwa hata siku moja. Hapa wala hapaumi."

"Figo haziumi mpaka zimekwisha. Presha ulipimwa lini?"

Akilini alimwona nesi wa kazini amesimama chini ya ngazi, anafunga mkoba wake.

"Dawa gani unatumia?" daktari akaendelea. Akamtajia vidonge vya mgongo, na vingapi kwa siku, na kwa miaka mingapi. Akaulizwa chumvi, akajikuta ameshika mfuko wa shati. Akaulizwa maji. Hapo alijibu kwa haraka, kama mtu aliyepata swali alilolisomea.

"Maji sinywi kabisa. Nilikuwa nazipumzisha. Nilitaka apate figo ambayo haijachoka."

Daktari aliweka kalamu mezani. Hasira yake yote ikaonekana imekosa mahali pa kutua.

"Baba," akasema taratibu, "figo hazipumziki. Presha ilikuwa inazipiga, naamini tangu ukiwa kijana, na hukutaka kuijua. Chumvi ikaipandisha zaidi. Vidonge vile vinazibania njia ya damu. Na wewe ukazinyima maji kwenye joto kama hilo. Kimoja peke yake labda zingekivumilia. Vyote, kila siku, miaka yote hiyo, zingefanyaje? Zilikuwa zinafanya kazi kavu."

Kavu. Akaisikia winchi ikilia. Akaisikia sauti yake mwenyewe, imepanda, inamfokea mzee wa watu: kitu kinachozunguka kavu kinajisaga chenyewe. Alikuwa anajua! Hakuna jambo alilolijua vizuri zaidi duniani, alilijua kwa chuma, na kwa nyama yake hakulijua. Akajishika kichwa, akalia pale kwenye kiti, mtu mzima, na daktari akainuka akafunga mlango.

Akaambiwa vidonge vile aviache leo hii, chumvi aiache, ameze dawa ya presha kila siku, na kreni aisahau. "Maji kunywa kila ukisikia kiu, usijibane tena. Ila usijifurike kwa hofu, hayatarudisha yaliyopotea. Tunalinda kilichobaki."

"Na mdogo wangu?"

"Ana ndugu mwingine?"

"Hana."

Daktari akatazama meza. "Ataendelea na mashine," akasema.

Kitinda alikuwa anamngoja. Alijua ni siku ya majibu, kwa hiyo alivaa gauni alilojishonea mwenyewe, akapaka na wanja. Na jagi halikuwa tupu. Alikuwa ameliosha, amelijaza maji mpaka shingoni, na kioo kilikuwa kinatoa jasho kwa baridi.

"Usinitazame hivyo, sijalinywa," alisema mara Mvua alipoingia. "Nimelijaza nilitazame tu, nizoee. Mbona umesimama? Kaa, Kaka. Nimewaza, tukishatoka hospitali tukakae wote kwako, Mama atuuguze mpaka vidonda vipone, maana mkeo peke yake atachoka na wewe, ukiugua kidogo tu unajifanya unakufa. Kaa basi. Wamesemaje?"

Mvua alikaa. Miguu akaivuta chini ya kiti. Kitinda aliendelea kuongea, halafu akaacha. Alikuwa anatazama miguu ya kaka yake, jinsi nyama ilivyomwagika juu ya ukingo wa kiatu.

"Vua viatu," akasema.

"Kitinda..."

"Vua."

Akavua. Kitinda akainama, akambonyeza kwa kidole gumba juu kidogo ya kifundo, akaachia. Shimo likabaki pale, halirudi. Yeye hakuhitaji daktari. Miguu yake mwenyewe aliibonyeza hivyo kila asubuhi kabla hajateremka kitandani, ajue siku itakuwaje. Wakalitazama lile shimo wote wawili mpaka lilipoanza kujaa polepole.

"Tangu lini?"

"Sijui. Zamani. Nilikuwa sinywi maji kule juu, unajua, tangu kile kisa cha chupa. Halafu ulipoambiwa unahitaji figo, nikaacha kabisa. Nilikuwa nakutunzia."

Kitinda akampiga. Alimpiga ngumi begani, na nyingine, kwa mikono ile iliyochakaa na sindano, huku machozi yanauchafua ule wanja. "Mjinga wewe! Mjinga! Mimi naota bomba kila siku! Naota bomba, na wewe unalo, unalifunga kwa makusudi!" Mvua hakujikinga. Alikaa tu akipigwa, na alitamani zisiishe, lakini Kitinda hakuwa na nguvu nyingi, zikaisha.

Nje watu walikuwa wanapita na mambo yao. Kitinda alijifuta uso kwa kipande cha kitambaa kilichobaki mezani, akasimama kwa kushikilia cherehani, akalifikia lile jagi. Akatafuta glasi, akamimina mpaka ikajaa, akaileta.

"Daktari amekukataza maji?"

"Hajanikataza."

"Basi kunywa."

"Siwezi, mdogo wangu. Mbele yako siwezi."

"Kunywa, Kaka. Angalau mmoja wetu anywe."

Akaipokea kwa mikono miwili. Akanywa, na maji yalikuwa ya baridi, na alikuwa na kiu ya miaka. Kitinda alisimama mbele yake akimtazama koo linavyopanda na kushuka, naye akameza mate pamoja naye kila funda. Glasi ilipokuwa tupu aliichukua, akarudi kwenye kabati, akammiminia kaka yake ya pili.